Nukta au Mkato? Mimba ya Mwanafunzi na Mwisho wa Hadithi katika Riwaya ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza nafasi ya mimba katika msuko wa hadithi ya msichana anayesoma, kama inavyojitokeza katika baadhi ya riwaya za Kiswahili za Tanzania na Kenya. Usawiri wa mwanamke katika riwaya hizo umekwisha kujadiliwa kwa upana. Wahakiki wamemwangalia mwanamke kama mama, kama kahaba, kama mwathiriwa wa mila na kama mkombozi wa wenzake. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mijadala hiyo imeongozwa na swali la maadili: msichana anapopata mimba, mwenye kosa ni nani? Ni baba mkali, ni mwalimu mfisadi, ni mila, ni mji, au ni msichana mwenyewe? Swali hilo lina umuhimu wake, lakini limelifunika swali jingine ambalo ni la fani, nalo ni hili: msichana anapopata mimba, hadithi yake inaendelea au inakoma?

Dai la makala haya ni kwamba katika riwaya zinazochunguzwa hapa mimba ya mwanafunzi hutumika kama nukta. Ikitokea, sentensi ya maisha ya msomi huyo imefungwa, na kinachobaki ni kilio, hukumu, kifo au kumbukumbu. Kwa sababu hiyo, kuna mtu anayejulikana vema katika maisha lakini ambaye hajulikani katika riwaya hizi. Huyo ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliye mjamzito, anayehudhuria mihadhara, anayefanya mtihani, anayejifungua, na anayerudi kumaliza shahada yake. Kutokuwepo kwake kuna maana, na ni wajibu wa uhakiki kuieleza.

Ili hoja isielee hewani, makala yanaanza kwa kuangalia mazingira ya Rombo, katika kaunti ya Kajiado nchini Kenya. Baada ya hapo yanajadili msamiati wa mimba katika lugha ya Kiswahili, kisha riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi, yaani Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974), Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora, na Chozi la Heri (2017) ya Assumpta Matei. Kwa kulinganisha, zinaguswa pia riwaya tatu zilizoandikwa kwa lugha za kigeni na Waafrika: Henry ole Kulet, Mariama Bâ na Buchi Emecheta.

2.0 Rombo mbili na sheria mbili

Rombo ya Kajiado iko kusini mwa kaunti hiyo, upande wa Loitokitok, chini ya mlima Kilimanjaro. Ng'ambo ya mpaka, katika mkoa wa Kilimanjaro nchini Tanzania, iko wilaya inayoitwa pia Rombo. Upande wa Kenya wenyeji wengi ni Wamaasai, na upande wa Tanzania wengi ni Wachaga. Masoko ya mpakani, Illasit na Tarakea, huwakutanisha. Jina ni moja na mlima ni mmoja. Lakini kwa muda mrefu msichana aliyepata mimba akiwa shuleni upande mmoja hakuwa sawa mbele ya serikali na mwenzake wa upande wa pili.

Nchini Kenya, sera ya kumruhusu msichana kurudi shuleni baada ya kujifungua ilianza mwaka 1994, na mwaka 2020 ilitolewa miongozo mipya ya kitaifa iliyofafanua jinsi ya kuitekeleza. Katikati ya miaka hiyo, Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 27, iliutaja ujauzito miongoni mwa mambo ambayo serikali haiwezi kuyafanya sababu ya ubaguzi. Nchini Tanzania, kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa makosa dhidi ya maadili, na mimba ikahesabiwa kuwa mojawapo ya makosa hayo. Mwezi Juni mwaka 2017, akiwa Chalinze, Rais John Magufuli alitangaza kwamba katika utawala wake mwanafunzi aliyezaa hatarudi katika shule ya serikali. Mwezi Novemba mwaka 2021 serikali iliyofuata iliondoa katazo hilo. Kwa hiyo, kati ya mwaka 2002 na 2021, mwendo mfupi wa kuvuka mpaka ulitenganisha nafasi ya kurudi darasani na kufukuzwa.

Sheria na sera hizo zililenga zaidi shule za msingi na za upili. Msichana wa Rombo anayevuka ngazi hiyo hukutana na hali nyingine. Anasafiri zaidi ya kilomita 200 kufika Nairobi, au anaishia katika miji inayokua kwa kasi kama Kitengela, iliyo yapata kilomita 30 kusini mwa Nairobi katika barabara ya Namanga, ambako wanafunzi hupanga vyumba miongoni mwa wafanyakazi na wafanyabiashara. Akipata mimba akiwa chuo kikuu, hakuna mwalimu mkuu wa kumfukuza. Yeye ni mtu mzima mbele ya sheria. Anaweza kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja, au akaendelea bila kuahirisha. Lakini hapo ndipo linapoanza swali ambalo sheria haiwezi kulijibu: atakaa wapi, mtoto ataachwa na nani wakati wa mhadhara, nyumbani wataambiwa nini, na kijiji kilichouza ng'ombe ili asome kitamtazamaje? Haya ndiyo maswali yanayostahili riwaya, kwa kuwa jibu lake halipatikani katika kanuni yoyote.

Ni vema kukumbuka pia kwamba chuo kikuu chenyewe katika Afrika Mashariki hakikujengwa kwa kumfikiria mtu huyu. Makerere iliwapokea wanafunzi wanawake kwa mara ya kwanza mwaka 1945, nao walikuwa sita. Kabla ya hapo wito wa chuo, uliokuwa kwa Kiingereza, uliwahimiza wanafunzi wawe wanaume, na ilibidi wito huo ubadilishwe. Wito unaweza kubadilishwa kwa siku moja. Picha ya msomi iliyomo vichwani mwa watu haibadiliki upesi hivyo. Picha hiyo ni ya mwili usiobeba kitu kingine isipokuwa vitabu. Riwaya ya Kiswahili, ambayo waandishi wake wengi wamepitia vyuo hivyo hivyo, imeirithi picha hiyo bila kuihoji vya kutosha.

3.0 Lugha ya mimba

Kabla ya kuwahukumu watunzi, ni haki kuichunguza lugha wanayoitumia, kwa sababu lugha humpa mtunzi njia zilizokwisha kulimwa. Kuna kundi la misemo ambamo msichana hatendi lolote. Msichana hutiwa mimba, hupewa mimba, hupachikwa mimba, huzalishwa. Vitenzi vyote hivi viko katika kauli ya kutendwa, na mtenda, awe ametajwa au hakutajwa, ni mwanamume. Kundi hili hufuatana na jingine la uharibifu: msichana ameharibiwa, masomo yake yameharibika. Tamathali hii ni ya chombo kilichovunjika. Chombo kilichovunjika hakina hadithi zaidi ya kueleza kilivunjikaje na nani alikivunja.

Hata hivyo, Kiswahili kina misemo mingine ambayo hufanya kazi tofauti kabisa. Mwanamke hushika mimba, huchukua mimba, hubeba mimba, na mwishowe hujifungua. Kitenzi hiki cha mwisho kinastahili kuangaliwa kwa makini. Kimeundwa kwa kiambishi cha kujirejea: anayefungua ni yeye, na anayefunguliwa ni yeye. Lugha inakiri kwamba katika saa ile hakuna mtenda mwingine. Vilevile neno himila lina mzizi mmoja na kitenzi kuhimili, wenye asili ya Kiarabu, na hivyo linaihusisha mimba na nguvu ya kustahimili uzito. Msemo kulea mimba unamhusu hata yule asiyeibeba, kwa kuwa husemwa kwa mume anayetunza mimba ya mkewe. Hapa lugha inatambua kwamba mimba ina muda, na kwamba katika muda huo kuna kazi inayofanywa na zaidi ya mtu mmoja.

Lakini neno lenye uzito zaidi kwa mhakiki ni kutunga. Mimba hutunga, husemwa kwamba mimba imetunga au imetungwa. Kitenzi hicho hicho ndicho kinachotumika kwa shairi, kwa hadithi na kwa sheria, na kutokana nacho yamepatikana maneno utungo na mtunzi. Usaha nao hutunga ndani ya jipu, na shanga hutungwa katika uzi. Maana inayoyaunganisha yote haya ni kukusanyika kwa vitu hadi viwe umbo moja. Kwa hiyo Kiswahili hakioni uhasama wa asili kati ya kazi ya tumbo na kazi ya akili. Kinaziita kwa jina moja. Ajabu ni kwamba watunzi, wenye kubeba jina hili, wamezichukulia kazi hizo mbili kuwa kitu ambacho mtu mmoja hawezi kukifanya kwa wakati mmoja.

4.0 Kezilahabi: mimba isiyo na miezi

Mjadala wowote wa suala hili hauna budi kuanza na Rosa Mistika. Riwaya hii ilichapishwa Nairobi mwaka 1971, na mwandishi wake alikuwa amehitimu masomo yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam muda mfupi tu kabla ya hapo. Ilipotoka, ilikatazwa shuleni, ingawa baadaye ilikuja kusomwa na kufundishwa kama mojawapo ya riwaya muhimu za Kiswahili. Rosa, binti wa Zakaria na Regina kutoka Ukerewe, analelewa kwa ukali unaomnyima nafasi ya kujifunza kuchagua. Anapofika shule ya upili na hatimaye chuo cha ualimu cha Morogoro, uhuru unamwangukia ghafula. Anapopata mimba, anaitoa. Baadaye, mchumba wake Charles anapogundua kuwa si bikira na kumwacha, Rosa anajiua.

Ushujaa wa Kezilahabi hauna shaka. Alithubutu kulisema waziwazi jambo ambalo wengi walilisema kwa kunong'ona, na hukumu yake haimwelekei msichana peke yake. Katika sehemu ya mwisho Rosa na baba yake wanasimama pamoja mbele ya Mungu. Lakini ukiisoma riwaya hii kwa swali la fani, jambo moja linajitokeza. Mimba za Rosa hazina miezi. Hakuna mwezi wa tatu wala wa tano, hakuna mwili unaobadilika polepole wakati masomo yanaendelea, hakuna mahesabu ya siku za mtihani na siku za kujifungua. Mimba inatokea kama dalili ya ugonjwa wa malezi na inaondolewa kama dalili. Rosa anafika mwisho wa masomo yake na kuwa mwalimu kwa sharti kwamba mimba isiwe na muda. Riwaya inamruhusu kuwa msomi, na inamruhusu kushika mimba, ila haimruhusu kuwa vyote viwili katika ukurasa mmoja.

Katika Kichwamaji utengano huo unakuwa wa watu wawili. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na maswali yake juu ya maana ya maisha ndiyo yanayoipa riwaya kina chake cha kifalsafa. Dada yake Rukia anapewa mimba na Manase, msomi mwingine ambaye Kazimoto alikuwa naye shuleni, na Rukia anakufa. Hapa chuo kikuu na mimba vimekaribiana kuliko katika Rosa Mistika, kwa sababu vimeingia katika familia moja. Lakini mgawanyo wa kazi ni dhahiri: kufikiri ni kwa kaka, kubeba ni kwa dada. Mimba ya Rukia inamletea Kazimoto hasira, kisasi na tafakuri. Kwa Rukia mwenyewe inaleta kifo. Msomaji anayajua mawazo ya Kazimoto kwa undani, kwa kuwa Kazimoto ndiye anayesimulia. Mawazo ya Rukia katika miezi ile hayajulikani. Mtunzi ambaye kalamu yake iliweza kuingia katika giza la mtu anayejiandaa kujiua hakuona haja ya kuingia katika akili ya msichana anayesubiri kuzaa.

Kwa kusema haya makala hayakusudii kumlaumu Kezilahabi kwa kutoandika riwaya ambayo hakukusudia kuiandika. Yanakusudia kuonyesha kwamba riwaya hizi mbili, kwa ubora wao na kwa kufundishwa kwao kwa miaka mingi, zimeweka kigezo. Msomi mwenye mimba akaingia katika riwaya ya Kiswahili kama maiti.

5.0 Karne ya ishirini na moja: kurudi darasani na kusimama mlangoni

Miaka arobaini baadaye, Kidagaa Kimemwozea inaonyesha badiliko katika upande mmoja. Lowela, msichana aliyeacha shule, anazaa na Mtemi Nasaba Bora, na mtoto, Uhuru, anatupwa mlangoni pa Amani. Amani na Imani, ambao hawakumzaa, wanamlea hadi anapofariki. Walibora amefanya jambo la maana kwa kuhamisha malezi kutoka kwa mama pekee kwenda kwa jamii, na kwa kumfanya kijana wa kiume abebe mtoto mgongoni mwa hadithi, akibeba pamoja naye kejeli na tuhuma. Lakini bei ya badiliko hilo ni Lowela mwenyewe. Mtoto anapata hadithi, mlezi anapata hadithi, Mtemi anapata anguko lake. Mama aliyekuwa mwanafunzi anabaki pembezoni. Katika ishara ya kisiasa ya riwaya hii, ambamo mtoto anaitwa Uhuru, mwili wa msichana ni njia tu ambayo ishara hiyo ilipitia.

Chozi la Heri inapiga hatua zaidi. Mwandishi wake ni mwanamke na ni mwalimu, na riwaya yake imejaa wasichana ambao elimu yao inakatizwa: Rehema anapewa mimba na mwalimu wake, Fumba, na mtoto analelewa na nyanya, Zohali anapata mimba akiwa katika kidato cha pili, anakumbana na ukali wa wazazi, lakini anapata njia ya kurudi masomoni. Zohali ni mhusika mpya. Katika yeye, sera ya mwaka 1994 inaonekana kuifikia riwaya, japo kwa kuchelewa kwa zaidi ya miaka ishirini. Hata hivyo kisa chake kinasimuliwa kama kumbukumbu, katika mazungumzo ya wasichana wanaofarijiana kwa kupeana visa vya mateso. Mimba yake imekwisha pita tunu na adha zake zote kabla msomaji hajakutana nayo. Hivyo hata pale nukta inapogeuzwa kuwa mkato, mkato huo umewekwa nje ya ukurasa.

Kwa msomaji wa Kajiado, hata hivyo, riwaya iliyo karibu zaidi na nyumbani haikuandikwa kwa Kiswahili. Blossoms of the Savannah (2008) ya Henry ole Kulet, ambayo ilifanywa riwaya teule katika shule za upili za Kenya, inasimulia habari za dada wawili, Resian na Taiyo, mabinti wa Ole Kaelo, ambao baba yao anawahamisha kutoka Nakuru na kuwarudisha Nasila, katika nchi ya Wamaasai. Ndoto yao ni Chuo Kikuu cha Egerton. Mbele yao umesimama ukeketaji na ndoa ya kulazimishwa. Baada ya mateso mengi, wanafika chuoni, na riwaya inaishia hapo.

Mwisho huu una nguvu yake, na msichana wa Rombo anayeusoma ana haki ya kufurahi. Lakini mhakiki anapaswa kuuliza kwa nini hadithi inakoma mlangoni. Katika riwaya hii chuo kikuu ni kimbilio: ni mahali ambapo hatari za mwili wa kike haziingii. Nyuma kuna wembe, posa na mahari. Mbele kuna vitabu. Mgawanyo huo unaficha ukweli kwamba mwili unaingia chuoni pamoja na mwenye nao. Resian na Taiyo watapenda, huenda watashika mimba, huenda watazaa kabla ya kuvaa joho. Je, wakifanya hivyo watakuwa wameshindwa? Riwaya haisemi, lakini jinsi ilivyopangwa inamwacha msomaji kijana na wazo kwamba ushindi wa msichana msomi ni kuuweka mwili mbali. Msichana aliyeokolewa kwa wazo hilo akiwa na umri wa miaka 16 anaweza kuhukumiwa kwalo akiwa na miaka 21.

6.0 Mifano miwili kutoka Afrika ya Magharibi

Kwamba nukta hii si sheria ya sanaa kunathibitishwa na waandishi wawili wa Afrika ya Magharibi. Wa kwanza ni Mariama Bâ wa Senegali, ambaye riwaya yake ya mwaka 1979, Une si longue lettre, inajulikana kwa wasomaji wa Kiswahili kwa tafsiri yake, Barua Ndefu Kama Hii. Ramatoulaye, mjane na mwalimu, anagundua kwamba binti yake Aïssatou, ambaye bado anasoma, ana mimba. Aliyempa mimba ni mwanafunzi wa sheria wa chuo kikuu. Mama anatetemeka, anashindana na nafsi yake, kisha anamkumbatia binti yake. Anaona pia wazi jambo lisilo la haki: shule humfukuza msichana mwenye mimba, ilhali chuo hakimfukuzi kijana aliyeshiriki. Tofauti ya Bâ na watunzi waliokwisha jadiliwa haiko katika huruma, kwani Kezilahabi na Matei wana huruma tele. Iko katika mpangilio. Mimba ya Aïssatou haifungi kitabu. Inafuatwa na mipango: mwezi wa kujifungua unahesabiwa, likizo inahesabiwa, na namna ya kuendelea na masomo inajadiliwa mezani. Mimba imepewa kalenda.

Wa pili ni Buchi Emecheta wa Nijeria. Katika Second-Class Citizen (1974), Adah anaishi London, anafanya kazi maktabani, anazaa mtoto mmoja baada ya mwingine, na katikati ya hayo anaandika. Mumewe Francis, ambaye ndiye aliyekwenda Uingereza kusoma, anashindwa mitihani yake mara kwa mara bila kubeba mimba yoyote. Francis anapouchoma mswada wa kwanza wa Adah, Adah anaumia kama mama aliyeuawa mtoto. Hapa kile ambacho Kiswahili kimekihifadhi katika kitenzi kutunga kimekuwa kisa kamili. Adah si shujaa asiyechoka. Amechoka, anadanganywa, anakosa pesa. Lakini riwaya inampa muda wote wa kuchoka, na katika muda huo anakuwa mtu.

7.0 Pingamizi mbili

Yako mapingamizi mawili yanayoweza kutolewa dhidi ya hoja hii. La kwanza ni kwamba riwaya huakisi jamii, na kwamba katika jamii mimba imewaondoa wasichana wengi masomoni. Ni kweli. Lakini kuakisi si kuchagua nusu. Wako waliorudi, na wako waliomaliza shahada wakiwa na mtoto kifuani, hata kabla ya sera yoyote. Riwaya inayodai kuwa ya uhalisia haiwezi kuwachukua walioanguka peke yao na kuiita picha hiyo jamii nzima. Tena Kezilahabi, katika kazi zake za baadaye, aliuacha uhalisia wa kawaida kabisa. Kwa hiyo mipaka ya uhalisia haitoshi kuwa udhuru kwa fasihi ambayo imekwisha kuthubutu mengi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Riwaya hizi husomwa shuleni, na wazazi na walimu wanataka zitoe onyo. Mtunzi akionyesha msichana aliyezaa na akafaulu, je, hatakuwa amewaambia wanafunzi kwamba mimba si kitu? Hofu hii haifai kudharauliwa, hasa katika sehemu kama Rombo, ambako wazazi wengi wamemsomesha binti kwa kuuza mifugo na kwa kushindana na ndugu waliotaka aolewe. Lakini ifikiriwe hali ya msomaji mmoja. Msichana ambaye tayari ana mimba anaposoma Rosa Mistika, onyo limechelewa. Kilichobaki kwake katika kitabu ni kielelezo cha mwisho, na mwisho huo ni kujiua. Fasihi inayomwonya asiye na mimba pekee imemwacha mwenzake peke yake na nukta. Isitoshe, kumwonyesha mwanafunzi mjamzito kwa ukweli hakuifanyi mimba kuwa nyepesi. Usingizi wa mhadhara wa asubuhi, kodi ya chumba cha Kitengela, maziwa yanayovuja katikati ya mtihani, simu ya baba isiyopigwa tena: mambo haya, yakisimuliwa kwa uaminifu, yanaonya kuliko kifo, kwa sababu kifo katika riwaya ni jambo la mbali na kodi ya chumba ni jambo la mwisho wa mwezi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba riwaya zilizochunguzwa zimeitumia mimba ya mwanafunzi kama chombo cha kufungia hadithi. Kwa Kezilahabi mimba haina muda, au ina muda kwa mtu asiye na sauti. Walibora ameihamishia hadithi kwa mlezi. Matei amemrudisha msichana darasani, lakini amemrudisha kwa kumbukumbu. Kulet amemfikisha msichana wa Kimaasai kwenye lango la chuo na kuishia hapo. Sheria na sera za nchi hizi mbili, kwa kusuasua, zimekwisha kukubali kwamba masomo yanaweza kuendelea baada ya mimba. Msuko wa riwaya bado haujakubali.

Anachodaiwa mtunzi si hotuba ya kutetea haki za mwanamke, kwa kuwa hotuba nazo hufunga hadithi. Anadaiwa muda. Mimba na mwaka wa masomo hukaribiana kwa urefu. Mtunzi mwenye jicho la fani ataona kwamba hapo pana muundo kamili wa riwaya, wenye mihula yake, mitihani yake na siku yake ya hukumu. Anadaiwa pia nafsi ya kwanza, ili yule ambaye hadi sasa ametiwa, amepewa na amepachikwa apate vitenzi vyake mwenyewe. Na anadaiwa jamii ya kweli: mama aliyebaki Rombo, ambaye huenda akamchukua mjukuu na huenda akakataa, baba anayehesabu ng'ombe waliouzwa, kijana wa kiume ambaye masomo yake hayakusimama hata kwa siku moja na ambaye riwaya haijamuuliza kwa nini.

Urithi wa kazi hiyo haukosekani nyumbani. Mojawapo ya tungo mashuhuri kabisa za Kiswahili, Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ulitungwa na mwanamke mgonjwa kwa ajili ya binti yake. Mafunzo yake juu ya utiifu wa mke yamepingwa na wahakiki wengi, na wana sababu. Lakini jinsi utendi huo ulivyotokea hakuna budi kukumbukwa: mama alikaa, akaita wino na karatasi, akatunga, na aliyemsababisha atunge ni mtoto. Fasihi yenye mwanzo wa namna hiyo haina sababu ya kuendelea kuamini kwamba mwanamke akishazaa hana tena la kusoma wala la kuandika.